Kutoka Nje kwa Dharura: Maisha na Lugha katika Vituo vya Kuigiza Mirihi, 1967–2024

Mwezi Februari mwaka 2018 vituo viwili vya kuigiza maisha ya sayari ya Mirihi vilikuwa vikifanya kazi kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa dunia. Katika jimbo la Dhofar, kusini mwa Oman, Jukwaa la Anga la Austria lilikuwa limepiga kambi jangwani kwa kushirikiana na wenyeji wake wa Oman, na watu wake walitoka nje wakiwa wamevaa mavazi mazito ya majaribio. Katika mteremko wa mlima Mauna Loa, kisiwani Hawaii, watu wanne walikuwa wameingia ndani ya kuba la HI-SEAS kwa nia ya kukaa humo miezi minane. Siku chache tu baada ya mlango kufungwa, mmoja wa wale wa Hawaii alipigwa na umeme. Gari la wagonjwa likaitwa, majeruhi akapelekwa hospitali, mwenzake mmoja akajitoa, na awamu hiyo ya mradi ikaishia hapo.

Tukio hilo linazaa swali ambalo historia ya vituo hivi, inayoandikwa zaidi na wahandisi na wanasaikolojia, hulipita kwa haraka. Mahali ambapo ajali huigizwa kwa makusudi, na ambapo ujumbe hucheleweshwa kwa makusudi, ajali ya kweli hutangazwa kwa maneno gani? Makala hii inafuatilia maisha ya kila siku katika vituo hivyo na mazoezi yake ya kutoka nje kwa dharura, kwa kuzingatia upande huo wa maneno. Mwishoni inagusa Kiswahili, kwa sababu wapo wasemaji wa Kiswahili ambao tayari wamelazimika kuongea wakiwa ndani ya mavazi yaliyozibwa.

Ardhi ya kuigiza

Uigizaji wa sayari nyingine haukuanza na Mirihi. Mwaka 1967 wanajiolojia wa serikali ya Marekani walilipua mashimo katika uwanja wa majivu ya volkano karibu na mji wa Flagstaff, Arizona, wakifuata picha za uso wa Mwezi zilizopigwa na vyombo vya angani. Wanaanga wa Apollo walipelekwa huko kujifunza kusoma ardhi. Kilichoigizwa wakati huo kilikuwa ardhi peke yake. Mtu alifanya mazoezi mchana, akavua vazi, akaenda kula chakula cha jioni mjini.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuigiza maisha. Mwaka 1998 mhandisi Robert Zubrin na wenzake walianzisha Mars Society, jumuiya ya watu wanaotaka binadamu afike Mirihi, na mradi wake mkubwa wa kwanza ulikuwa kituo cha kuishi katika kisiwa cha Devon, kaskazini ya mbali ya Kanada, pembezoni mwa shimo la Haughton lililochimbwa na kimondo. Kituo hicho, FMARS, kilijengwa majira ya joto ya mwaka 2000, na ujenzi wenyewe ulikuwa dharura ya kweli. Vifaa vilidondoshwa kwa miavuli kutoka katika ndege za jeshi. Mzigo mmoja ukaachana na mwavuli wake, na sehemu za sakafu pamoja na winchi ya kuinulia zikavunjika. Mafundi waliokodiwa wakaondoka. Wanasayansi na watu wa kujitolea wakaisimamisha nyumba kwa mbao, kamba na nguvu za mikono.

Kituo cha pili, MDRS, kilijengwa katika jangwa jekundu karibu na kijiji cha Hanksville, Utah, na kikosi chake cha kwanza kiliingia mwanzoni mwa mwaka 2002. Tangu hapo vikosi zaidi ya 250 vimepita humo, kwa kawaida watu sita au saba kwa wiki mbili. Wengi wao ni wanafunzi wa vyuo vikuu, wahandisi, madaktari na walimu waliochukua likizo. Jambo hili lina uzito kwa mtafiti wa lugha: kituo hiki kimekutanisha watu wa mataifa mengi ambao hawakulelewa katika utaratibu wa kijeshi wa amri na mwitikio, na waliolazimika kuujenga wenyewe katika siku chache.

Siku moja Utah

Nyumba ya MDRS ni pipa kubwa jeupe la ghorofa mbili, lenye kipenyo cha takriban mita 8. Chini kuna chumba cha mavazi, choo na milango ya kutokea. Juu kuna vyumba vya kulala vyembamba kama makabati, meza moja ya kulia na kufanyia kazi, na jiko. Vibanda vingine, vya mimea, vya darubini na vya maabara, vimeunganishwa na nyumba kwa njia zilizozungushiwa wavu na turubai, ambazo kwa makubaliano ya uigizaji huhesabiwa kuwa zina hewa. Anayepita humo hahitaji vazi. Anayetoka hatua moja pembeni yake, kwa makubaliano hayohayo, amekufa.

Maji huletwa kwa gari na kupimwa. Kuoga ni jambo la kupangiwa siku. Chakula karibu chote ni cha kukaushwa, na hapo ndipo vituo hivi vimetoa mojawapo ya matokeo yake yenye manufaa: awamu ya kwanza ya HI-SEAS, mwaka 2013, ilitumia miezi minne kulinganisha chakula cha kuongezewa maji ya moto na chakula ambacho kikosi kilijipikia chenyewe kwa viungo vikavu. Aliyewahi kuishi bwenini hahitaji kuelezwa kwa nini jiko lilistahili utafiti.

Jioni ni wakati wa kuandika. Mawasiliano na kituo cha usaidizi hufunguliwa kwa saa chache, na kikosi hupeleka ripoti: ya kamanda, ya mitambo, ya mimea, ya waliotoka nje, pamoja na ombi la kutoka nje kesho yake. Ombi hutaja nani, wapi, saa ngapi na kwa kazi gani. Hakuna anayetoka peke yake, na hakuna anayetoka bila mwenzao mmoja kubaki ndani akisikiliza redio ya upepo. Mtu huyo wa ndani hupewa sifa kidogo katika simulizi, ingawa ndiye anayeandika saa ya kutoka na ya kurudi, na ndiye anayesikia kwanza sauti inapobadilika.

Dakika tano

Kwa Kiingereza na lugha nyingine nyingi, kazi ya nje ya chombo huitwa kwa jina la kutembea, na magazeti ya Kiswahili yamefuata kwa kusema matembezi ya anga. Jina hili linapotosha mara mbili. Aliye nje ya chombo kinachoizunguka dunia hatembei, huning'inia. Na aliye Mirihi hayuko angani, yuko ardhini. Hapa chini patatumika kutoka nje, maneno ambayo angalau yanataja mlango.

Mlango ndio kiini cha mazoezi yote. Kikosi kikishavaa mavazi, makopo ya hewa na kofia zenye vioo, huingia katika chumba kidogo chenye milango miwili na kusubiri, kwa kawaida dakika 5, kana kwamba hewa inatolewa polepole. Hakuna kinachotolewa. Mavazi ya MDRS hayana mgandamizo wa hewa. Feni ndogo huvuta hewa ya kawaida ya Utah ili kioo kisijae ukungu. Dakika hizo tano ni za kukubaliana tu. Lakini humo ndimo wanaotoka hukaguana: mikanda, redio, glovu, kiasi cha chaji, na ishara za mikono watakazotumia redio ikizimika.

Zoezi la dharura huanza pale mmoja anapoanguka. Anaweza kuwa amepangiwa kuvunjika mguu, kupoteza fahamu au kuishiwa hewa, na mara nyingine wenzake hawajaambiwa. Kofia haifunguliwi, kwa hiyo hakuna kusikiliza pumzi wala kutazama rangi ya midomo. Mapigo ya moyo hayashikiki juu ya glovu. Kinachobaki ni kuuliza na kujibiwa. Kisha majeruhi abebwe kwenye ardhi ya mawe na watu ambao wenyewe wamebeba mizigo mgongoni, aingizwe katika chumba kisichotosha machela na wabebaji, na dakika zihesabiwe. Katika Mirihi uzito wake ungekuwa takriban asilimia 38 ya uzito wa duniani. Utah hakuna punguzo. Chuo Kikuu cha Colorado kimekitumia kituo hiki kwa kozi ya tiba ya angani, ambapo wanafunzi huigiza ajali za namna hii na kuzitibu.

Tatizo la kumbeba aliyelemewa na vazi limeshughulikiwa pia chini ya bahari. Katika maabara ya Aquarius, takriban mita 19 chini ya maji karibu na Florida, wanaanga wa NASA na washirika wao walianza kufanya mazoezi mwaka 2001. Mwaka 2019 walijaribu huko kifaa cha shirika la anga la Ulaya, kilichobuniwa kwa ajili ya Mwezi, kinachomwezesha mtu mmoja kumwinua mwenzake na kumlaza kwenye machela yenye magurudumu. Aquarius ina ukali ambao Utah haina. Aliyekaa humo kwa siku nyingi hawezi kukimbilia juu akiogopa, kwa sababu mwili wake unahitaji saa nyingi za kuzoezwa upya mgandamizo wa kawaida.

Mchezo na kweli

Vituo vyote hivi vina sheria moja inayotangulia nyingine: usalama wa kweli hushinda uigizaji. Kule Devon sheria hiyo ilionekana kwa macho. Wanaotoka nje walifuatana na bunduki, kwa kuwa dubu weupe wa kisiwa hicho hawakuwa sehemu ya mchezo. Katika kambi za Waaustria, anayevaa vazi la majaribio huandamana na msimamizi wa usalama aliyevaa nguo za kawaida, ambaye kila mtu hujifanya hamwoni.

Ugumu uko katika mpito. Mwishoni mwa Desemba 2014 kibanda cha mimea cha MDRS kilishika moto. Hakuna aliyesubiri dakika tano. Kikosi kilitoka na kuuzima, na kibanda kikateketea. Moto hujitangaza wenyewe. Maumivu ya kifua hayajitangazi, wala kizunguzungu, wala mshtuko wa umeme nyuma ya ukuta. Mtu aliyepangiwa kuigiza kuvunjika mguu, kisha akateguka kweli wakati anabebwa, atalia kilio kilekile ambacho wenzake wanakitarajia. Ndiyo maana mazoezi yaliyopangwa vizuri huweka neno moja lisilotumika kwa jambo jingine lolote, likiwa na maana moja tu: sasa ni kweli. Kazi ya neno hilo si kueleza ajali. Ni kuifuta sarufi ya mchezo mzima, ili sentensi zitakazofuata zisikike upya.

Usafiri wa ndege ulilipa gharama kubwa kujifunza jambo la jirani na hili. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili ziligongana kwenye barabara ya kurukia kisiwani Tenerife na watu 583 wakafa, baada ya mawasiliano ambamo neno la kuruka lilitajwa kabla ruhusa ya kuruka haijatolewa. Tangu hapo neno hilo limewekewa mipaka, na rubani hulisikia kutoka kwa mwongozaji pale tu ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa.

Ujumbe unaochelewa

Mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi, kutegemea nafasi za sayari. HI-SEAS iliweka ucheleweshaji wa dakika 20 kwa kila upande. Kambi ya Oman iliwasiliana na Innsbruck kwa ucheleweshaji wa dakika 10. Katika jaribio la Mars-500 mjini Moscow, ambapo wanaume sita wa Urusi, Ufaransa, Italia na China walifungiwa kwa siku 520 kuanzia Juni 2010, ucheleweshaji ulikua kadiri chombo cha kuwaziwa kilivyokwenda mbali. Februari 2011 wawili wawili walitoka kwenye uwanja wa mchanga uliojengwa ndani ya jengo hilohilo, wakiwa wamevaa mavazi ya Kirusi yaliyopunguzwa uzito. Zoezi la NASA lililoanza Juni 2023 mjini Houston liliwafungia watu wanne kwa siku 378 kwa misingi hiyohiyo.

Athari ya ucheleweshaji kwa lugha ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Swali la dharura linalosubiri jibu kwa dakika 40 limeacha kuwa swali. Kikosi huanza kuandika ujumbe mrefu wenye majibu ya maswali ambayo hayajaulizwa, na wanaosikiliza duniani hugeuka kuwa wasomaji wa jambo lililokwisha. Mamlaka ya kusema nini kimetokea huhamia kwa walio ndani. Ikiwa wamekipa jambo jina baya, hakuna wa kuwasahihisha kwa wakati.

Hatari ya jina baya ina mfano wa kweli, tena kutoka mahali pasipo na ucheleweshaji wa maana. Tarehe 16 Julai 2013 mwanaanga wa Italia Luca Parmitano alikuwa nje ya kituo cha kimataifa cha anga aliposema anahisi maji nyuma ya kichwa. Wiki moja kabla maji yalikuwa yameonekana katika kofia yake, na maelezo yaliyokubaliwa ni kwamba mfuko wa maji ya kunywa umevuja. Maelezo hayo yalikwisha kugeuka jina, na jina likatangulia uchunguzi. Kumbe maji yalitoka katika mfumo wa kupoza vazi. Yalipanda hadi machoni na puani. Parmitano akarudi mlangoni kwa kufuata kamba yake, akiwa haoni vizuri wala hasikii vizuri. Ndani ya chumba cha milango miwili, mwenzake Chris Cassidy alimbana mkono ili kujua kama yu hai, naye akajibu kwa ishara ya mkono. Mazungumzo yote ya sayansi ya karne hii yalikuwa yamerudi kwenye kiganja.

Kiswahili ndani ya vazi

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wakati wa mlipuko wa Ebola mashariki mwa Kongo, wahudumu wa Beni, Butembo na maeneo ya jirani walifanya kazi wakiwa wamefunikwa tangu utosini hadi unyayoni. Majina yao yaliandikwa juu ya mavazi kwa sababu nyuso hazikuonekana, kama vile NASA ilivyoongeza mistari myekundu kwenye vazi la kamanda wa Apollo baada ya picha za awali kuwachanganya watazamaji. Walivaa na kuvua wawili wawili, mmoja akimwangalia mwenzake hatua kwa hatua, kwa maana kosa katika kuvua lingeweza kuua. Lugha waliyosikilizana wengi wao, na waliyosikilizana na wagonjwa, ilikuwa Kiswahili.

Hapo tabia moja ya Kiswahili sanifu inastahili kutazamwa kwa jicho la usalama. Kauli ya kutendua huunda kinyume cha kitenzi kwa irabu moja. Vaa na vua, funga na fungua, ziba na zibua, chomeka na chomoa: jozi hizi hutaja hasa zile kazi ambazo mtu aliyevaa vazi lililozibwa huagizwa kuzifanya, na kinachotenganisha baadhi yake ni sauti nyembamba ambayo barakoa, feni na redio mbovu huimeza kwanza. Vaa kofia na vua kofia zina silabi sawa kwa idadi, mkazo mahali pamoja, na konsonanti zilezile. Ukanushi nao unategemea silabi moja isiyo na mkazo katikati ya kitenzi: ufungue na usifungue. Kwa mazungumzo ya sebuleni hili halidhuru kitu, muktadha hutosha. Kwa mtu anayesikia nusu ya sentensi, muktadha ndio umeharibika.

Jambo la kuvutia ni kwamba jibu mojawapo limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Kiswahili cha Kongo kimehifadhi ile l ya kale ambayo lahaja za pwani ziliipoteza kati ya irabu, na wasemaji wake husema fungula na vula. Vaa na vula hazichanganyiki kirahisi; konsonanti imerudi mahali palipokuwa na irabu tupu. Maumbo haya yamezoeleka kuhesabiwa madarasani kuwa makosa ya kusahihishwa. Katika orodha ya amri za dharura yangeweza kuwa chaguo la kwanza, pamoja na mbinu ya kuepuka jozi zenyewe: weka na ondoa kwa kofia, ziba na achia kwa valvu, na ukanushi kubadilishwa kuwa agizo chanya, valvu ibaki ilivyo.

Pendekezo kama hili halifai kupitishwa na kamati kabla ya kusikilizwa. Baraza la istilahi linaloandaa msamiati wa huduma za dharura, liwe la taifa moja au la jumuiya nzima, linaweza kulipima kwa gharama ndogo: redio mbili za upepo, jenereta inayonguruma, barakoa, na wasemaji kutoka Zanzibar, Bujumbura, Kampala na Lubumbashi, kila mmoja akisoma amri zilezile kwa mpangilio uliochanganywa, na msikilizaji akitenda badala ya kujibu. Kinachohesabiwa ni mara ngapi aliyeambiwa avue alivaa.